Roketi na Eropleni Zilizopigana na Mvua ya Mawe Kericho

Mkulima wa chai wa Kericho au wa Bomet hana haja ya kuelezwa mvua ya mawe ni kitu gani. Asubuhi anga ni safi na wachumaji wamo shambani na vikapu vyao. Saa nane mchana mawingu meusi husimama juu ya msitu wa Mau, na kabla ya saa kumi mawe yamekwisha kupasua vichipukizi vya shamba moja, hali shamba la jirani halikuguswa. Kichaka cha chai hakifi. Lakini majani mawili na chipukizi ndiyo mali yenyewe, nayo yakiharibika mkulima hana cha kupeleka kituoni mpaka mengine yachipue. Vitabu vya hali ya hewa huitaja milima ya Kericho kuwa miongoni mwa mahali penye mawe mengi kupita pote duniani, wastani wa siku 132 kwa mwaka.

Kwa sababu hiyo nchi hii ya chai ilipata kuwa uwanja wa jambo geni: watu kutumia roketi na eropleni kupigana na wingu.

Mawe hutokeaje?

Mchana hewa yenye unyevu huvuma kutoka Ziwa Victoria, ikakutana na pepo za mashariki juu ya nchi ya vilima. Hapo hewa hupanda kwa nguvu mpaka kwenye baridi kali. Lakini maji yaliyomo winguni hayagandi yote mara moja. Tone safi laweza kubaki maji hata katika baridi ya digrii 10 chini ya sifuri, kwa maana limekosa chembe ya kuanzia kuganda. Chembe za barafu zikiwa chache, kila moja hujikusanyia maji mengi na kuwa jiwe zito.

Mfano wake ni chungu kimoja cha chakula. Wakija watoto watatu watashiba. Wakija thelathini kila mmoja atapata tonge tu. Basi wataalamu walifikiri hivi: wingu likipewa chembe nyingi, maji yatagawanyika, na mawe yatakuwa madogo mno hata yayeyuke kabla ya kufika chini.

Roketi kwanza, kisha eropleni

Mwaka 1963 lilianzishwa Kericho jaribio la kurusha roketi zenye baruti ndani ya mawingu ya mawe. Roketi ilirushwa kutoka ardhini, ikapasuka ndani ya wingu, kwa matumaini kwamba kishindo chake kingezuia mawe kukua. Bwana H. W. Sansom, mtaalamu wa hali ya hewa, alitangaza habari za miaka minne ya kazi hiyo mwaka 1968.

Mwishoni mwa miaka hiyo ya 1960 njia ya pili ilishika nafasi. Kampuni ya Marekani iitwayo Atmospherics Incorporated ilileta eropleni zilizobeba mienge yenye iodidi ya fedha. Chembe za dawa hiyo zina umbo linalofanana sana na la barafu, na maji baridi huganda juu yake kwa urahisi. Rubani huruka chini ya kitako cha wingu, hutafuta mahali hewa inapopanda, akawasha mwenge. Hewa yenyewe huuchukua moshi mpaka juu.

Usalama wa wenye kuruka

Kila silaha ya angani ina sharti lake. Penye roketi hapafai kuwa na eropleni. Kwa hiyo anga hutengwa, na marubani hupewa taarifa mapema. Rubani wa mwenge naye hukaribia kitu kile ambacho marubani wengine wote hufundishwa kukikwepa. Mawe hubonyeza mabawa na kupasua vioo, hewa inayopanda humvuta ndani ya wingu, na vilima hufichika katika mvua. Akikosa kujua kwa hakika urefu wake na njia ya kutokea, anaokoa chai kwa kuhatarisha maisha.

Nchi hii ya juu haina mzaha na eropleni ndogo. Tarehe 10 Juni 2008, Cessna 210 iliyokuwa ikitoka Nairobi kwenda Kericho ilianguka Enoosupukia, upande wa Narok. Wote wanne waliokuwamo walikufa, miongoni mwao Waziri wa Barabara, Bwana Kipkalya Kones, Mbunge wa Bomet, na Waziri Msaidizi, Bibi Lorna Laboso, Mbunge wa Sotik. Siku hizi viko vyombo vinavyomwonya rubani kwamba mlima u mbele yake, na rada za kumwonyesha mvua ilipo. Lakini chombo humwonya tu. Shauri la kugeuka ni la rubani.

Je, mawe yalipungua?

Hili ndilo swali gumu. Mawe huanguka hapa yakaacha pale, na mwaka mmoja haufanani na mwingine. Wingu lililopewa dawa lisipotoa mawe, nani ajuaye kama lingetoa lilipoachwa? Ili kupata hakika yapasa mawingu yachaguliwe kwa kura, mengine yapewe na mengine yaachwe. Lakini mwenye shamba hataki wingu lake liachwe. Mpaka leo Shirika la Hali ya Hewa Duniani halijakubali kwamba kuzuia mawe kumethibitishwa.

Mwaka 1982 Bwana Russell Schnell na mwenzake walitangaza jambo jingine: takataka za majani ya chai yaliyooza zina chembe zinazogandisha maji. Huenda vumbi linalotifuliwa na miguu ya wachumaji hupanda mpaka mawinguni, na shamba lenyewe likawa na sehemu katika mawe yanayoliharibu.

Basi mkulima akijiwa na mtu mwenye mzinga wa kutisha mawingu, au ndege isiyo na rubani, amwulize mambo mawili kabla ya kutoa fedha. Kwanza, ameilinganishaje kazi yake na mashamba yaliyoachwa? Pili, ana ruhusa ya Mamlaka ya Usafiri wa Anga ya Kenya? Kwa maana shamba lina mwenyewe, lakini anga lililo juu yake ni njia ya watu wengi.