Kamio la umeme: tulione kwanza likipanda mlima

Somo letu la leo ni juu ya usafirishaji.

Shida tunaijua sisi wote, Kasongo na Kabambare. Mpunga na karanga vinatoka shambani vizuri, halafu vinalala njiani. Mazuti ni bei kali, mvua inakata barabara, na mnunuzi anashusha bei kwa sababu anajua hatuna gari. Kwa hiyo mtu akija na habari ya kamio lisilokunywa mazuti, tutamsikiliza. Tumsikilize, ndiyo. Lakini mfuko wa koperative usifunguliwe mbele ya maswali.

Tuangalie jambo lililotokea Marekani. Mwaka 2016 kampuni inayoitwa Nikola ilionyesha kamio kubwa, Nikola One. Januari 2018 ikatoa video: kamio linakimbia barabarani. Watu wengi, hata wenye akiba ndogo, wakaweka pesa zao humo. Septemba 2020 siri ikatoka, na kampuni yenyewe ikakubali: kamio lile halikuwa linakwenda kwa nguvu yake. Lilivutwa mpaka juu ya mlima, likaachiwa literemke. Oktoba 2022 mahakama ilimkuta mwanzilishi, Trevor Milton, na hatia ya udanganyifu, na Desemba 2023 akahukumiwa kifungo cha miaka minne. Machi 2025 Rais Trump alimsamehe. Kampuni ilikuja kuuza makamio ya kweli, lakini Februari 2025 ikaomba kufilisiwa. Waliopoteza akiba zao, msamaha ule haukuwarudishia kitu.

Je, gari la umeme ni uongo? Hapana. Kigali kuna pikipiki za umeme za Ampersand, na Nairobi kuna mabasi ya BasiGo, yanabeba abiria kila siku. Lakini hayo yanazunguka mjini, kwenye lami, na kila siku yanapata umeme karibu. Kwetu tuko na jenereta na paneli za jua.

Tupige hesabu. Betri ya kamio kubwa inaweza kubeba kilowati-saa 300 au zaidi. Paneli moja ya wati 100, ikipata jua kali kwa muda wa saa 5, inatoa nusu ya kilowati-saa. Kwa hiyo kujaza betri hiyo kwa siku moja kunadai paneli 600. Na tukitumia jenereta, tunarudi kununua mazuti yaleyale. Kwa kamio la haidrojeni ni vigumu zaidi: gesi hiyo inatengenezwa kwenye kiwanda na kuwekwa kwenye matangi ya nguvu sana. Hapa kwetu haiuzwi.

Basi mtu akileta habari ya gari jipya, kamati imuulize haya:

1. Tunaweza kuliona likipanda mlima, limejaa magunia, kwenye barabara yetu, wakati wa mvua? Video haitoshi.
2. Litajazwa umeme wapi, kwa muda gani, na nani analipa?
3. Likiharibika, fundi yuko mji gani? Piesi zinatoka wapi?
4. Betri ikichoka, mpya ni bei gani?
5. Koperative gani nyingine inalitumia tayari? Tuongee na wanachama wake, tusiongee na muuzaji tu.
6. Kwa nini tulipe mbele ya kupokea?

Muuzaji wa kweli hatakasirika kwa maswali haya; atayajibu kwa maandishi. Anayesema "lipeni leo, kesho nafasi imeisha" anatuuzia mbuzi kwenye gunia.

Pesa ya koperative ni jasho la msimu mzima. Tunawaomba, kwenye mkutano unaokuja, katibu asome maswali haya sita kwa sauti, wanachama waongeze yao, na yaandikwe kwenye daftari ya kamati. Siku muuzaji atakapofika, daftari iwe tayari.