Seli Zinazotambua Mahali

Mtu aingiapo chumbani mwake gizani huweza kukifikia kiberiti pasipo kukiona. Je, ubongo hujuaje kilipo?

John O'Keefe alizaliwa New York mwaka 1939. Alianza kusomea uhandisi wa ndege, akauacha, akageukia saikolojia; na mwaka 1967 alipata shahada ya udaktari katika Chuo Kikuu cha McGill, Kanada, kisha akaenda London.

Wakati huo ilikwisha kujulikana kwamba sehemu ya ubongo iitwayo hipokampasi inahusika na kumbukumbu. Mwaka 1953 mgonjwa mmoja wa Marekani aliondolewa sehemu kubwa ya hipokampasi zake zote mbili ili kutibu kifafa. Tangu hapo hakuweza kuhifadhi kumbukumbu za mambo mapya, ingawa ya utotoni aliyakumbuka. Lakini seli zenyewe zilifanya kazi gani?

O'Keefe na mwenziwe Jonathan Dostrovsky walipenyeza waya nyembamba sana katika hipokampasi za panya, wakapima ishara za umeme za seli moja moja huku panya akitembea. Jambo hili la kutembea ndilo kiini cha jaribio, kwani mnyama aliyelazwa kwa dawa haendi popote. Waliona kwamba seli fulani hutoa ishara panya afikapo mahali fulani, na akiondoka hunyamaza. Taarifa yao ya mwaka 1971 ilikuwa fupi na ushahidi wake haba: kati ya seli 76, ni 8 tu zilizofanya hivyo. Mwalimu na awaulize wanafunzi: je, hizo zatosha kudai kwamba ubongo una ramani? Na pengine panya alifuata harufu tu! O'Keefe aliendelea kupima. Vitu vilivyozunguka uwanja wa jaribio vilipogeuzwa, mahali pa seli napo paligeuka pamoja navyo.

Mwaka 2005, May-Britt na Edvard Moser wa Norway, waliowahi kujifunza kwake, pamoja na wanafunzi wao, walieleza seli za sehemu jirani. Kila moja hutoa ishara mahali pengi, pamepangika kwa pembetatu zilizo sawa, mfano wa karatasi ya grafu iliyotandazwa sakafuni. Watatu hao walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2014.

Sehemu hiyo jirani ni miongoni mwa zile zinazotangulia kuharibiwa na ugonjwa wa Alzheimer, na wagonjwa wengi huanza kupotea katika njia walizozizoea.