Tetekuwanga si surua: Chanjo ya surua haizuii tetekuwanga

Mama mmoja wa Mtongwe, Likoni, alimleta kwangu mwanawe wa miaka mitano akiwa na malengelenge mwili mzima. Alinionyesha kitabu cha kliniki, akauliza kwa uchungu: "Daktari, huyu si alidungwa sindano zote?"

Kweli alidungwa. Lakini msomaji, sindano ambayo watoto wetu hupewa wakiwa na miezi 9, kisha miezi 18, ni ya surua na rubela. Tetekuwanga huletwa na virusi vingine kabisa. Chanjo yake ipo, ila haimo katika ratiba ya kitaifa ya Kenya. Hutafutwa kwa malipo katika hospitali za kibinafsi.

Je, inafaa? Marekani ilianza kuwachanja watoto mwaka wa 1995. Kabla ya hapo watu wapatao milioni 4 waliugua kila mwaka, na 100 hadi 150 wakifariki. Tangu wakati huo visa vimepungua kwa zaidi ya asilimia 90.

Mbona basi tusiige? Shirika la Afya Duniani linashauri kwamba nchi ikianza, iweze kuwafikia angalau asilimia 80 ya watoto. Wakichanjwa wachache, ambao hawakuchanjwa huweza kukwepa ugonjwa utotoni na kuupata ukubwani, unapokuwa mkali zaidi. Na katika nchi za joto kama yetu, tayari wengi hufikia utu uzima bila kuugua.

Mama yule alikuwa mmoja wao, tena mjamzito. Tetekuwanga humletea mjamzito nimonia kali, na huweza kumdhuru mtoto aliye tumboni. Wala chanjo hii hapewi mjamzito. Nilimtuma hospitalini siku ile ile. Alijifungua salama, lakini si wote hubahatika.

Ugonjwa ukiingia nyumbani:

- Mtoto asiende shule wala madrasa hadi malengelenge yote yakauke na kuwa vigaga.
- Mkate kucha, mwogeshe, na akiwa na homa mpe parasetamoli. Usimpe asprini kamwe. Huweza kuharibu ini na ubongo.
- Mjamzito ambaye hajawahi kuugua, mtoto mchanga au mwenye kinga hafifu akikaa na mgonjwa, aonwe na daktari mara moja. Asingoje malengelenge.

Na sindano ya surua usiiache ati kwa kuwa haizuii tetekuwanga. Surua huua watoto wengi zaidi.