Mvuke wa Dawa, Ugonjwa wa Pumu, na Saumu ya Mgonjwa

 Somo letu la mara hii ni juu ya chombo cha umeme cha kufukizia dawa, ambacho huuzwa madukani, na pengine huletwa na jamaa zetu walioko ng'ambo, nacho huwashwa usiku chumbani mwa mtoto mwenye kikohozi au mwenye kubanwa na kifua.

Huenda msomaji akauliza: darasa ya dini ina haja gani na chombo cha umeme? Twajibu kuwa ina haja mbili. Ya kwanza ni kuwa Mtume wetu (S.A.W.) alipoulizwa na mabedui kama inafaa watafute dawa, aliwaamrisha watafute, akawafahamisha kuwa kila maradhi Mwenyezi Mungu ameyawekea dawa yake ila uzee. Basi kuitafuta dawa ni kumtii Mtume, wala dawa haitafutwi kwa ujinga. Haja ya pili ni kuwa kila mwaka Ramadhani inapokaribia huulizwa swali la mgonjwa wa pumu: je, akivuta dawa, saumu yake imebatilika? Swali hilo halijibiki vyema mpaka kwanza tujue ni kitu gani kinachoingia kifuani.

CHOMBO CHENYEWE

Kujifukiza si jambo geni kwetu. Wazee wetu walichemsha majani chunguni, mgonjwa akajifunika shuka, akavuta mvuke. Wazungu nao walifanya mfano wa hayo: mwaka 1778 tabibu wa Kiingereza aitwaye John Mudge alieleza kopo lake lenye mrija, ambalo mgonjwa wa kikohozi alivutia mvuke wa maji ya moto. Kisha katika mwaka 1879 huko New York ikaanza biashara ya taa iliyoitwa Vapo-Cresolene. Ilikuwa ni taa ndogo ya mafuta, na juu yake kibakuli cha dawa ya maji iliyotokana na lami ya makaa ya mawe. Baadaye ilifanywa ya umeme. Matangazo yake yalidai kuwa inafaa kwa kifaduro, na pumu, na maradhi mengineyo ya koo na kifua. Leo sote twajua kuwa kilichopunguza kifaduro duniani si taa ile, bali ni chanjo, ambayo hapa Kenya mtoto hupewa atimizapo wiki sita, kisha wiki kumi, kisha wiki kumi na nne.

Chombo cha siku hizi ni mtungi wa plastiki wa kutia maji. Aina moja ina kisahani chenye kupata moto, kama birika la umeme. Aina ya pili ina vipande viwili vya chuma au vya makaa vilivyozama majini, na umeme hupita baina ya viwili hivyo kwa njia ya maji yenyewe mpaka yakachemka. Juu, penye tundu la kutokea mvuke, pana kikombe kidogo cha kutilia dawa, nayo mara nyingi ni kafuri, au mentholi, au mafuta ya mkaratusi. Mvuke ukipita hapo huichukua harufu ya dawa ukaisambaza chumbani.

MVUKE HUCHUKUA NINI, NA HUACHA NINI?

Hapa ndipo penye kiini cha somo letu. Chukua maji ya bahari, uyachemshe, ukinge mvuke wake kwa sahani baridi. Matone utakayoyapata ni maji matamu. Chumvi yote imesalia chunguni. Ndivyo ilivyo katika dawa. Dawa yenye kuruka yenyewe, ambayo ukifungua chupa yake harufu yajaa chumba, kama kafuri, huo mvuke huichukua. Lakini dawa isiyoruka husalia chini kama isaliavyo chumvi. Na dawa kubwa ya kufungua kifua kilichobanwa na pumu, iitwayo salbutamoli, ni ya namna hii ya pili. Mwenye kuitia katika chombo cha mvuke ataiacha mtungini, na mgonjwa wake hatapata ila maji ya moto.

Kwa sababu hiyo hospitali hazitumii chombo cha kuchemsha kwa mgonjwa wa pumu. Hutumia nebulaiza, ambayo haichemshi kitu: huipiga dawa ya maji kwa upepo wa nguvu mpaka ikavunjika kuwa ukungu wa matone madogo mno, ambayo mengi yake hayazidi sehemu tano katika elfu za milimita, nayo kwa udogo wake hufika ndani ya mapafu. Tena iko pampu ndogo ya mkononi, ambayo ya kwanza yake yenye kutoa dawa kwa kipimo ilitolewa Marekani mwaka 1956, na salbutamoli ikafuata huko Uingereza mwaka 1969. Vyombo hivi vitatu hutazamwa na watu kana kwamba ni kimoja, kwa kuwa vyote hutoa kitu mfano wa moshi. Sivyo. Kimoja huburudisha pua na koo; viwili hufikisha dawa mapafuni.

Hatusemi kuwa mvuke hauna faida yoyote. Mwenye mafua huona raha, na kamasi hulainika. Lakini matabibu walipoupima mvuke wa moto kwa wagonjwa wa mafua hawakupata hakika ya kuwa waponya. Hata ile hisia ya pua kufunguka, iletwayo na mentholi, kwa sehemu kubwa ni mshipa wa fahamu uliohisi baridi, na njia ya pua haikupanuka. Basi raha ni kitu kimoja, na tiba ni kitu cha pili.

PUMU NI NINI?

Pumu ni maradhi ya mirija ya pumzi iliyomo mapafuni. Mirija hiyo huvimba kwa ndani, nyama zake hujikaza, na makohozi mazito huiziba, mpaka mgonjwa akawa na tabu ya kutoa pumzi, na kifua kikalia kama filimbi. Sababu zinazoichochea ni nyingi: vumbi, mafua, baridi, na moshi wa kila namna, ukiwamo moshi wa sigara na wa kuni.

Nao ubani na udi ni moshi vilevile. Wako baadhi ya watu wetu ambao mtoto akibanwa husema kuwa amekumbwa, wakafunga madirisha, wakaleta chetezo, wakamfukiza buhuri ili pepo atoke. Maskini mtoto yule ameongezwa kile kile kinachomdhuru! Kila akizidi kutweta, wao huona kuwa pepo anashindana, nao wakazidisha moshi. Twawaambia ndugu zetu: mcheni Mwenyezi Mungu katika watoto wenu, kwani ni amana.

Lakini hatutaki msomaji aliyeacha mambo hayo ajione kuwa amesalimika. Yule mwenye kuwasha chombo cha mvuke, akakaa akitazama mtoto anavyotweta usiku kucha, kwa kuwa kitu kile ni cha umeme na kimetoka Ulaya, hana tofauti kubwa na yule wa chetezo. Ameivua hirizi ya ngozi akavaa hirizi ya waya. Mwenyezi Mungu ameviumba vitu na sababu zake, akatupa akili ya kuzijua. Na mwenye kushika sababu isiyokuwa sababu hakutegemea, bali amepuuza.

HATARI ZA CHOMBO

Kwanza ni kuungua. Maji yaliyomo ni ya kuchemka, na mtoto mmoja akivuta waya yote humwagikia. Chombo kisiwekwe kitandani wala juu ya kiti, wala mtoto asiinamishwe juu yake.

Pili ni maji yenyewe. Katika ile aina ambayo umeme hupita majini, kadiri maji yanavyozidi chumvi ndivyo umeme unavyozidi kupita. Maji ya visima vingi vya pwani yetu ni ya chumvi; yakitiwa humo huchemka kwa ghadhabu, yakaruka nje, na pengine fyuzi ikakatika. Yatumiwe maji matamu, na ifuatwe karatasi ya maelezo. Wala chombo cha aina hii kisifunguliwe, wala mkono usitiwe majini, kabla ya kuchomoa plagi ukutani.

Tatu, umeme wa Kenya ni wa volti 240, na wa Marekani ni wa volti 120. Chombo kilichotengenezewa Marekani kikiunganishwa hapa moja kwa moja chaweza kuungua.

Nne ni kafuri. Mtoto aliye chini ya miaka miwili asifukizwe kwa kafuri wala mentholi. Na kafuri ikimezwa, hata kidogo, ni sumu yenye kuleta degedege. Na degedege hiyo si ya ndege wala ya shetani, ni ya chupa iliyoachwa wazi. Apelekwe hospitali mara moja.

KIFUA KIKIBANA

Dalili za hatari ni hizi: mtoto hawezi kunyonya au kusema maneno yakatimia, mbavu zake zabonyea kila avutapo pumzi, midomo yageuka rangi, au amelegea na usingizi si wake. Akionekana na mojawapo ya hizo, asingojewe asubuhi.

Mwenye pampu aitumie pamoja na chombo cha kupokelea dawa, kwani mtoto hawezi kuvuta kwa wakati sawasawa na mbonyezo. Na asiyeweza kukinunua asikate tamaa. Mwaka 1999 matabibu wa Cape Town, katika Afrika ya Kusini, walitangaza matokeo ya uchunguzi wao: chupa ya plastiki ya nusu lita, iliyotobolewa kitakoni kwa kadiri ya mdomo wa pampu na kuzibwa vizuri pembeni, iliwafaa watoto wenye pumu sawa na chombo kilichotengenezwa kiwandani. Pampu huingia kitakoni, shingo ya chupa huwekwa mdomoni mwa mtoto, dawa hubonyezwa mara moja, naye huvuta pumzi kadhaa kabla ya kubonyezwa mara ya pili. Muulizeni tabibu au mwuguzi awaonyeshe. Tena mjue kuwa salbutamoli hufungua kifua kwa muda tu. Mwenye kubanwa mara kwa mara yampasa aandikiwe ile dawa ya kuzuia uvimbe, aitumie kila siku hata akiwa mzima.

HUKUMU YA SAUMU

Sasa twarejea katika swali la Ramadhani. Katika madhehebu yetu ya Imam Shafi kanuni ni kuwa saumu hubatilika kwa kitu chenye mwili kinachofikishwa ndani kwa kusudi, kupitia tundu lililo wazi. Kwa kanuni hiyo wengi wamesema kuwa pampu yabatilisha, kwa kuwa ndani yake mna dawa. Wanavyuoni wengine wa zama hizi, miongoni mwao Sheikh Ibn Baz na Sheikh Ibn Uthaymin wa Saudia, walisema kuwa haibatilishi, kwa kuwa si chakula wala kinywaji wala haina maana ya viwili hivyo. Na Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu, katika kikao chake cha kumi kilichofanyika Jidda mwaka 1997, lilitoa hukumu katika mambo mengi ya dawa na saumu, lakini pampu ya pumu na kuvuta mivuke ililiahirisha. Basi hii ni mas-ala ya khilafu, wala haimfalii Muislamu kumtukana mwenzake kwayo.

Lakini liko jambo lisilo na khilafu. Mwenyezi Mungu, katika Sura ya Al-Baqara, aya ya 184 na 185, amemruhusu mgonjwa afungue na alipe siku nyingine, akatujulisha kuwa atutakia wepesi wala hatutakii uzito. Na katika aya ya 195 ya Sura hiyo hiyo ametukataza kujitupa katika maangamizo. Kwa hiyo aliyebanwa na pumu mchana, pampu ni wajibu wake wakati ule ule. Akifuata kauli ya kwanza atailipa siku yake. Akifuata ya pili saumu yake ni sahihi. Ama kuzuia dawa mpaka magharibi, huku roho yaning'inia, si ucha Mungu kwa kauli ya mwanachuoni yeyote. Na mgonjwa asiyetarajiwa kupona wala kuweza kulipa hutoa fidya, kibaba kwa kila siku.

Na chombo cha mvuke je? Huo ni maji yanayorejea kuwa matone kooni, na umekwisha kuona kuwa hauokoi roho ya mtu. Basi mwenye kufunga auache mchana, ajifukize baada ya kufuturu. Nayo dawa ya kuzuia, ikiwa tabibu ameipanga mara mbili kwa siku, aitumie wakati wa daku na wakati wa futari. Tazama, ewe ndugu, jinsi ilmu ya chombo inavyoirahisisha hukumu: kinachookoa roho hakingojewi, na kinachostarehesha chaweza kungoja.

Twamwomba Mwenyezi Mungu awaponye wagonjwa wetu, awahifadhi watoto wetu, na atujaalie kuwa katika wale wanaouliza kabla ya kutenda. Amin.