Kuanza Kazi ya Usimamizi wa Miradi

Vijana wetu hutuuliza: msimamizi wa miradi huanzia wapi? Wengi hudhani ni kwenye cheti.

Henry Gantt wa Marekani alikuwa mwalimu wa shule kabla ya kuingia kiwanda cha chuma mwaka 1887. Jina lake limebaki katika jedwali lionyeshalo kila kazi ianze lini na iishe lini. Sisi tulipojenga darasa hatukuwa na jedwali. Tulinunua saruji yote kabla ya msingi kuchimbwa. Masika yalipoanza ghala likavuja, saruji ikaganda, na michango ya wazazi ikapotea.

Basi, kijana, omba kusimamia kazi ndogo, kama kukarabati choo cha shule. Andika katika daftari: kazi gani, nani aifanye, lini, kwa fedha kiasi gani. Kila Ijumaa linganisha ulichopanga na kilichotendeka. Ukiona kuchelewa, sema mapema.

Kisha tafuta cheti. Kile cha CAPM, cha wanaoanza, chataka elimu ya sekondari na saa 23 za masomo ya kazi hii. Cheti hufungua mlango. Daftari huonyesha kwamba kazi waiweza.

Swali la kujadiliana: Katika kazi iliyo mbele yetu sasa, ni lipi lazima litangulie?