SOMO LA IJUMAA: MGENI AKIPITA SIKU TATU

Bismillahi Rrahmani Rrahim. Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na Masahaba zake.



Kila mmoja wetu akishiba anajua kusema Alhamdulillahi. Lakini katika hadithi waliyoipokea Abu Daud na Tirmidhi, Mtume (s.a.w.) ametufundisha kwamba asiyewashukuru watu bado hajamshukuru Mola wake. Basi leo tuwashukuru watu.

Mapigano yalipozidi Salamabila mwaka 2017, jamaa nyingi ziliacha nyumba na mashamba, zikakimbilia vijiji vingine vya Kabambare na huku kwetu Kasongo. Wengine walitoka Fizi, ng'ambo ya mpaka wa jimbo. Wengi wao hawakulala kwenye hema. Walilala kwa watu: kwa mama mwenye chumba kimoja, aliyehamisha kuku ili mgeni apate pa kutandika mkeka.

Bukhari na Muslim wamepokea kuwa haki ya mgeni kukirimiwa ni siku tatu, na kinachozidi hapo ni sadaka. Hesabuni wenyewe. Mgeni aliyekaa miezi sita amekula siku 177 za sadaka, bugali na sombe, asubuhi na jioni, na hakuna aliyeziandika katika daftari isipokuwa Malaika.

Na waliotoa si matajiri. Katika Suratul-Hashri, aya ya 9, Mwenyezi Mungu amewasifu Answari wa Madina kwa kuwatanguliza wengine hali wao wenyewe wana dhiki. Mnakijua kisa cha yule Answari aliyezima taa, yeye na mkewe wakajifanya wanakula, ili mgeni wa Mtume (s.a.w.) ashibe. Hapa kwetu nyumba nyingi hazikuwa na taa ya kuzima, maana mafuta yenyewe hayakuwapo. Lakini chakula kilipitishwa upande wa mgeni vilevile. Nasi tusijione wa ajabu: katika vita vya 1998 hadi 2003 wengi wetu tulilala porini, tukala mihogo ya watu tusiowajua majina.

Sasa nasema jambo linaloniuma. Msaada ukifika, huandikwa jina la mkimbizi, na mwenyeji wake hubaki anatazama. Hapo ndipo ulimi unapoteleza: «Sisi ndio tuliowalisha.» Ndugu yangu mwenyeji, Suratul-Baqara, aya ya 264, imetuonya kuwa masimango huibatilisha sadaka. Usiichome kwa neno moja kazi ya miezi sita. Lakini nasi wa msikiti tusimwachie njaa halafu tumuhubirie subira. Suratut-Tawba, aya ya 60, imewataja wanaostahiki zaka, na ndani yake yumo msafiri aliyekwama, na wamo mafukara na maskini. Mwenyeji aliyemaliza mpunga wake wa mbegu kwa kulisha mgeni ni fukara, naye aandikwe.

Nawe ndugu mgeni, kung'oa mihogo ya mwenyeji bila ruhusa si njaa tu, ni kuvunja amana. Abdurrahman bin Auf alipofika Madina mikono mitupu, Saad bin Rabii alitaka kumgawia nusu ya mali yake. Abdurrahman alimuombea baraka, kisha akaomba aonyeshwe soko. Huko akaanza na biashara ya jibini na samli.

Wazee husema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Kweli, lakini jembe bila shamba ni mti wa kuegemea tu. Wakimbizi wengi ni wakulima wa mpunga na karanga kama sisi. Mwenye ardhi iliyolala amwazime mgeni kipande, wapatane mbele ya mashahidi wawili na muda wake utajwe, ili kesho kusitokee ugomvi.

Baada ya swala leo, wote waliopokea wageni, wanaume kwa wanawake, tafadhali msitoke. Wageni wenyewe wameomba kuwapa mkono mmoja mmoja. Kisha kamati ya zaka itaandika majina, ya mgeni na ya mwenyeji kwenye mstari mmoja. Mwenye mbegu ya kutoa aje nayo Ijumaa ijayo, kabla mvua haijakaza.