Glavu za pikipiki: Akina mama wachague zipi msimu wa baridi?

Kila mwaka kati ya Juni na Agosti, kliniki zetu za nyanda za juu hujaa watu wenye mafua na kikohozi. Hilo si jambo geni. Lisilosemwa sana ni kuwa msimu huu pia hutuletea majeruhi wa pikipiki ambao, ukiwauliza chanzo cha ajali, hawalaumu matope wala ukungu. Wanalaumu mikono yao wenyewe.

Mmoja wao alikuwa mama wa miaka 43 kutoka upande wa Njabini, Kinangop. Kila alfajiri hufunga mitungi miwili ya maziwa nyuma ya pikipiki na kuipeleka kwenye kituo cha kukusanyia. Asubuhi moja ya Julai, manyunyu yakianguka, punda alivuka barabara mbele yake. Alimwona vizuri na mapema. Alipotaka kuvuta breki, vidole havikufunga. Pikipiki iliingia mtaroni, maziwa yote yakamwagika, naye akavunjika mfupa karibu na kifundo cha mkono wa kulia. "Daktari," aliniambia, "mikono yangu ilikufa kabla mimi sijaanguka."

Kumbe alikuwa amevaa glavu! Zilikuwa za mumewe, za uzi wa pamba, kubwa, na zilikuwa zimelowa chapachapa.

Ili kuelewa kilichomfika, ni lazima tujue jinsi mwili unavyojikinga na baridi. Damu ndiyo inayobeba joto. Baridi inapozidi, mwili hubana mishipa midogo ya vidole ili joto libaki kifuani na tumboni, kwenye viungo ambavyo hatuwezi kuishi bila ya hivyo. Vidole huachwa vijitafutie. Ngozi ya mkono ikishuka chini ya digrii 15 hivi za Selsiasi, vidole huanza kuwa vizito, na ikikaribia digrii 8, hata hisia ya kugusa hupotea. Huko Kinangop, Limuru au Molo, alfajiri ya Julai hewa inaweza kuwa chini ya digrii 10, na mwendo wa pikipiki huongeza baridi hiyo. Hewa ya digrii 10, ukiikata kwa kasi ya kilomita 60 kwa saa, ngozi huihisi kama ya digrii 5. Mkono ukilowa mambo huwa mabaya zaidi, kwani maji hupokonya mwili joto upesi kuliko hewa kwa kiasi cha mara 25. Na kwa kasi hiyo hiyo, ukichelewa sekunde moja tu kuvuta breki, umekwisha kwenda karibu mita 17.

Je, mbona nawataja akina mama? Mwaka 1998 watafiti wa Chuo Kikuu cha Utah, Marekani, walieleza katika jarida la Lancet kuwa mikono ya wanawake waliowapima ilikuwa baridi kuliko ya wanaume kwa karibu digrii moja na nusu, ingawa ndani ya mwili wanawake hao walikuwa na joto zaidi kidogo. Aidha, kuna hali inayoitwa ugonjwa wa Raynaud, kwa jina la daktari Mfaransa aliyeieleza mwaka 1862, ambayo huwapata wanawake zaidi. Vidole hugeuka vyeupe au vya kijivu, kisha vya buluu, na damu inaporejea huwa vyekundu na kuuma kama vinachomwa. Kwa ngozi nyeusi mabadiliko haya huonekana vyema kwenye kucha na ncha za vidole.

Basi glavu ipi inafaa? Wengi hudhani ni ile nene kuliko zote. La hasha. Jambo la kwanza ni kipimo. Chukua utepe wa fundi cherehani, uzungushe kwenye kiganja chako pale vidole vinapoanzia, bila ya kidole gumba, kwa mkono unaoutumia zaidi. Ukipata sentimita 18 hivi, kipimo chako ni 7, na ukipata 20, ni 8. Glavu za wanaume mara nyingi ni 9 au 10. Mwanamke akizivaa, ncha za vidole hubaki tupu na kujikunja kati ya kidole na breki, na hewa baridi huingia kwa raha zake kwenye kifundo. Zinazobana nazo si dawa. Zikiminya vidole huzuia damu, na pamba ya ndani ikishindiliwa haihifadhi joto, kwa sababu kinachohifadhi joto hasa ni hewa iliyonaswa ndani yake.

Usinunue kwa kutazama. Zivae, ukae juu ya pikipiki, ukamate usukani na kuvuta breki na klachi mara kumi. Kitambaa kikijikunja kiganjani, au ncha za vidole zikisukumwa, warudishie wenyewe. Pete ivue kabla ya safari. Na kucha ndefu, samahani dada zangu, hutoboa utando wa ndani.

Utando huo ndio siri ya glavu isiyopitisha maji. Glavu nzuri ina tabaka tatu: ngozi au kitambaa kigumu nje, utando mwembamba katikati unaozuia mvua lakini unaruhusu mvuke wa jasho utoke, na bitana ya joto ndani. Ngozi peke yake, hata iwe nzito namna gani, mwishowe hunywa maji. Utapata maandishi ya Kiingereza kwenye kibandiko. Neno "waterproof" ni ahadi kamili, na "water-resistant" maana yake ni manyunyu tu, tena kwa muda mfupi. Ukifika nyumbani, tia karatasi ya shashi ndani ya glavu, izamishe kwenye beseni hadi karibu na kifundo kwa dakika tano, kisha uitazame karatasi. Mwuzaji wa mitumba hatakuruhusu kufanya hivyo dukani, kwa hivyo patana naye mapema kuhusu kurudisha. Chomoa mkono ukiwa umelowa pia. Bitana ikitoka pamoja na vidole, glavu hiyo itakutesa.

Kiganjani tafuta ngozi ya mara mbili, hasa upande wa chini karibu na kifundo, kwani tukianguka sote hutanguliza mikono. Glavu za pikipiki zilizopimwa Ulaya huwa na alama ya EN 13594. Iwapo umeiona kwenye mitumba, usiipite. Kifundoni kuwe na mkanda wa kukaza, ili glavu isichomoke wakati wa kuanguka. Mvua ikinyesha, mkono wa koti ufunike glavu, la sivyo maji yanayoteremka begani yatajaa ndani kama kwenye kata.

Najua bei. Asiyeweza kuzinunua anaweza kuvaa glavu nyembamba za sufu, na juu yake zile za mpira za kuoshea vyombo, za ukubwa wa kutosha. Hazitamkinga akianguka na jasho litakuwa jingi, lakini vidole vitafanya kazi. Mifuko mikubwa ya ngozi bandia inayofungwa kwenye usukani nayo husaidia sana, mradi ujizoeze kutia na kutoa mikono pikipiki ikiwa imesimama, na uhakikishe haigandamizi breki.

Vidole vikifa ganzi, simama. Vitie kwapani. Usishike injini wala bomba la moshi, kama nionavyo vijana wakifanya kila asubuhi, kwa sababu mkono usiohisi hautakuambia kuwa unaungua. Maji yawe ya vuguvugu tu.

Vidole vinavyobadilika rangi kila mara, au vyenye vidonda kwenye ncha, vinahitaji daktari. Huenda ni upungufu wa damu, tezi ya shingo, au ugonjwa wa viungo unaojificha. Ganzi ya kidole gumba, cha shahada na cha kati, inayomwamsha mtu usiku, kwa kawaida ni neva iliyobanwa kifundoni wala si baridi. Sigara hubana mishipa. Baadhi ya dawa pia hufanya hivyo, na hapa sina budi kukiri kosa.

Mama wa Njabini alikuwa akimeza atenolol kwa ajili ya shinikizo la damu. Dawa hii hufanya mikono ya baadhi ya watu kuwa baridi. Niliyemwandikia ni mimi, miaka miwili kabla ya ajali, wala sikumwuliza anafanya kazi gani na anasafiri vipi. Mtu asiache dawa kama hiyo ghafla kwa kusoma gazeti, kwani moyo unaweza kudhurika. Aende kwa daktari wake amweleze habari za vidole. Yeye tulimpunguzia pole pole na kumpa nyingine.

Plasta ilitolewa mwishoni mwa Agosti. Alikuja na glavu kipimo 7, akaniomba nizitazame. Mshono wa gumba ulikuwa umefumuka kidogo, nikamwambia arudi kwa mwuzaji kabla ya kukilipia kile kiasi kilichobaki.